Simu inapata Waifai, laptopu haipati: pa kuanzia

Kabla hujagusa chochote kwenye laptopu, chukua simu. Zima data, iunge kwenye Waifai ya nyumbani, kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Kuzima data ni lazima, maana Waifai ikikosa intaneti simu nyingi hurukia mtandao wa laini kimyakimya, nawe ukaapa kuwa ruta ni nzima. Ukurasa uwe mpya kwa sababu ule wa jana unaweza kutokea kwenye kumbukumbu ya kivinjari hata kama waya umekatika.

Simu nayo ikigoma, iache laptopu, haina kosa. Nenda kwenye ruta ukatazame taa. Taa ya Waifai inakuambia tu kwamba ruta inarusha mawimbi. Ya kuamini ni taa ya intaneti, na kwa wenye faiba, ile iliyoandikwa LOS. Hiyo ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Kagua kama ule waya mwembamba umekunjwa au umechomoka. Kama uko sawa, wapigie waliokuunganishia. Taa zote zikiwa nzuri, hakikisha kifurushi hakijaisha, kisha chomoa ruta kwenye umeme kwa nusu dakika, irudishe na uipe muda iamke.

Simu ikipata na laptopu ikakosa, sasa tuna kazi. Hapa ndipo wengi huniambia, “Fundi, piga Windows upya.” Huwa nakataa mpaka nijue kamba imekatikia wapi.

Anza na macho: jina la mtandao wako linaonekana kwenye orodha? Kama hakuna jina hata moja, tazama ikoni ya ndege. Kwenye laptopu nyingi kuna kitufe kwenye safu ya F1 hadi F12 chenye alama ya ndege au mnara, na kidole hukigusa bila mwenyewe kujua. Laptopu za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele. Hiyo ikizimwa, hakuna programu itakayoiwasha.

Kama ya majirani unayaona na lako huoni, shuku masafa. Kadi nyingi za zamani za Waifai, yaani kile kifaa cha ndani ya laptopu kinachonasa mawimbi, husikia GHz 2.4 peke yake, hivyo ruta ikirusha GHz 5 tu, kwao ni kama imezimwa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kivinjari cha simu, uwashe na 2.4. Kama 2.4 tayari inawaka, tazama chaneli: kadi nyingine hazisikii chaneli ya 12 na ya 13. Weka 1, 6 au 11.

Jina lipo ila linakataa neno la siri ulilo na uhakika nalo? Iambie laptopu isahau mtandao huo, halafu andika neno upya ukiwa umebonyeza kile kijicho cha kuonyesha herufi. Likikataa tena, angalia aina ya ulinzi kwenye ruta. WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2, ilitoka mwaka 2018, na laptopu za kabla ya hapo nyingi haziifahamu. Chagua mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ninaoletewa zaidi: imeunganishwa, mawimbi yamejaa, intaneti hakuna. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, gonga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig, utafute sehemu ya Waifai. Unataka mistari miwili: IPv4 Address, yaani anwani ya laptopu, na Default Gateway, yaani anwani ya ruta.

Anwani ikianza na 169.254, laptopu iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Isipobadilika, zima na uwashe ruta, halafu uangalie kama kuna mtu aliwahi kuweka kizuizi cha vifaa humo ndani. Wazazi huweka, wakasahau.

Anwani ikiwa na sura nzuri lakini mwanzo wake haufanani na wa ruta, tuseme laptopu ni 10.0.0.25 na ruta ya nyumbani ni 192.168.1.1 (hakikisha kwa simu, maana laptopu inaweza kukuonyesha ruta ya kwingine), huenda mtu aliiandika kwa mkono. Shemeji yangu alikuja na laptopu ya namna hiyo: ofisini inafanya kazi vizuri, nyumbani ni bubu. Kazini walikuwa wameipa anwani ya kudumu, nayo ikaing'ang'ania kila inapokwenda. Dawa iko kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya IP assignment: rudisha kwenye Automatic.

Anwani zikipatana, piga hodi. Andika ping na namba ya ruta yako. Soma jibu mpaka mwisho, kwani Windows inaweza kuandika “Reply from” kisha ikamalizia “Destination host unreachable”. Hapo ni laptopu inajijibu yenyewe, ruta haijafikiwa. Ruta ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Nayo ikijibu, umeshatoka nje ya nyumba. Maliza kwa kupiga hodi kwa jina, mfano ping wikipedia.org. Namba ikijibu na jina likasema halipatikani, kilichokufa ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns, na isiposaidia, weka DNS kwa mkono: 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Hodi zote zikijibiwa na kivinjari bado kikagoma, nina washukiwa watatu. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, iliyoachwa wazi; proksi, yaani seva ya kati, iliyobaki kwenye mipangilio; na saa. Usiicheke saa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo laptopu inayoamini tuko mwaka 2015 itazikataa karibu tovuti zote na kukuandikia kuwa si salama. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma kila ukiizima, betri ndogo ya ndani imechoka. Kwenye laptopu nyingi ni ile ya duara, CR2032.

Inayoshika na kuachia ni kesi nyingine. Ukiwa karibu na ruta tumia GHz 5, ukuta ukizidi rudi 2.4. Ikikatika tu wakati oveni ya maikrowevu inafanya kazi, umempata mwizi: nayo inatumia masafa hayohayo ya 2.4. Ndani ya Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya laptopu, fungua kadi ya Waifai, sehemu ya Power Management ikiwepo, na uondoe alama inayoiruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme.

Network reset, ile ya kurudisha mipangilio yote ya mtandao ya Windows mwanzo, naiweka mwisho makusudi, kwa sababu inafuta maneno ya siri ya Waifai zote na baadhi ya programu za VPN utalazimika kuziweka upya. Ikishindwa, shughulikia draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya Waifai. Utaipakuaje bila intaneti? Unga simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, na laptopu itaitumia kama waya wa mtandao. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa namba kamili ya modeli iliyo chini yake. Na kama Device Manager haioni kadi yoyote ya Waifai hata baada ya kuzima kabisa na kuwasha, huenda kadi imelegea au imekufa. Adapta ndogo ya USB itakuvusha. Chagua inayoshika GHz 2.4 na 5 zote mbili.