Baiskeli na mbio katika ratiba moja: pumzi hutangulia, miguu hufuata

Mwendesha baiskeli anayejitosa kwenye mbio huponzwa na jambo moja: pumzi anayo, miguu hana. Moyo na mapafu yaliyozoea saa mbili za kupanda vilima hayaoni shida ya kilomita 8. Anazimaliza zote siku ya kwanza, anarudi akitabasamu, na kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume huku ameshika ukuta.

Chanzo ni namna misuli inavyotumika. Kwenye pedali, misuli ya paja hujikaza na kufupika ikisukuma, basi, hakuna kutua. Kwenye mbio kila hatua ni kutua. Ardhi hukurudishia nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako, na paja na kigimbi hulazimika kufunga breki huku vikivutwa. Kazi hiyo ya breki ndiyo inayochana nyuzi ndogo za misuli na kuleta maumivu yanayofika kilele saa 24 hadi 72 baadaye. Misuli huizoea ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huhitaji miezi.

Lakini usikimbilie kusema baiskeli peke yake inatosha kwa kuwa haiumizi. Mfupa hukomaa kwa kupigwa, na baiskeli haiupigi. Mtu anayeendesha miaka mingi bila zoezi lolote la kutua au kunyanyua uzito anaweza kuwa na moyo wa simba na mifupa hafifu ya nyonga na uti wa mgongo. Kwa hiyo panga mbio kwanza, maana ndizo zenye kikomo, kisha baiskeli ijaze saa zinazobaki.

Kiti kwanza, ratiba baadaye

Magoti mengi yanayosingiziwa viatu vya kukimbilia yameharibiwa na kiti cha baiskeli. Egemeza baiskeli ukutani, vaa viatu utakavyoendeshea, kaa, kisha shusha pedali moja hadi chini kabisa. Weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuinamia upande huo. Kisigino kikielea, kiti kiko juu. Goti likibaki limepinda, kiko chini. Ukihamishia mguu mahali pake, yaani sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole ikikaa juu ya ekseli ya pedali, goti litapinda kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Hapo ndipo.

Rekebisha kwa milimita 5 tu kila mara, endesha safari mbili au tatu, ndipo uguse tena. Zungushia utepe bomba la kiti ili ujue lilikuwa wapi, na usilivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, kwa sababu linaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Baada ya hapo maumivu yenyewe yatakuambia. Mbele ya goti, karibu na kilegesambwa: kiti kiko chini mno au unasukuma gia nzito. Nyuma ya goti: kiti kiko juu mno. Ukimwomba mtu akutazame kwa nyuma na akaona makalio yanayumba kushoto na kulia, shusha. Viganja vikifa ganzi, pengine pua ya kiti imeinamia mbele na uzito wote umeangukia mikono. Ganzi ikiwa katikati ya mapaja, pua imeinuka, au kiti chenyewe si chako.

Gia nayo. Hesabu mara ambazo goti la kulia linapanda ndani ya sekunde 15. Zikiwa 20 hadi 24, unazungusha kama mizunguko 80 hadi 95 kwa dakika, na hiyo ndiyo unayoitaka. Anayesukuma gia nzito kwa mizunguko 60 anajiona shujaa, lakini paja lake litakuwa limekufa kesho, siku ya kukimbia.

Ukitoka kwenye baiskeli kuingia mbio

Kimbia mara tatu kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo. Tembea haraka dakika 5, kisha fuata hatua hizi, kila moja wiki nzima:

- Wiki ya 1: kimbia dakika 2, tembea 1, mara 8
- Wiki ya 2: kimbia 3, tembea 1, mara 6
- Wiki ya 3: kimbia 5, tembea 1, mara 4
- Wiki ya 4: kimbia 8, tembea 1, mara 3
- Wiki ya 5: kimbia 12, tembea 1, mara 2
- Wiki ya 6: dakika 25 bila kusimama

Utaona ni rahisi mno. Ni pumzi inayosema hivyo, si kano. Hamu ya kuruka wiki mbili ikikushika, panda baiskeli ukaimalizie huko. Baada ya wiki ya 6 ongeza dakika 5 kwenye mbio moja tu kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza theluthi ya jumla.

Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue karibu chini ya nyonga na si mbele kama unaotaka kuruka mfereji. Wengi wakikimbia polepole huangukia hatua 160 hadi 175 kwa dakika. Ukiwa 145, ongeza tano tano badala ya kujilazimisha kufika 180 siku moja.

Ukitoka kwenye mbio kuingia baiskeli

Hapa hatari ni ndogo, kero ndizo nyingi: makalio, shingo, viganja. Anza na dakika 30 hadi 45 kwenye tambarare. Vaa kaptura yenye pedi bila chupi ndani, kwa kuwa mishono ya chupi ndiyo inayochubua, na ipake mafuta sehemu inayosuguana.

Kwa kubadilishana mazoezi mepesi, dakika 40 za mbio zilinganishe na takriban dakika 60 za baiskeli. Toa kwenye hesabu dakika za kuteremka bila kukanyaga; hizo ni mapumziko yenye upepo mzuri. Ikiwa lengo lako ni shindano la mbio, usibadilishe mbio ndefu wala za kasi. Badilisha zile nyepesi za katikati ya wiki, ambazo mara nyingi huongeza uchovu wa kutua kuliko faida.

Wiki yenyewe

Kwa mtu anayeweza kukimbia dakika 40 bila kusimama, wiki inaweza kukaa hivi. Jumatatu pumzika. Jumanne mbio za vipindi: pasha mwili dakika 15, kimbia kwa kasi dakika 2 na taratibu dakika 2, mara sita, malizia dakika 10 taratibu. Jumatano baiskeli nyepesi dakika 60, gia laini, na hii ndiyo dawa nzuri ya miguu iliyochoka jana, maana damu inazunguka bila kutua. Alhamisi baiskeli dakika 45, ndani yake vipande vitatu vya dakika 6 vya kukaza, kisha ushuke na kukimbia dakika 15. Ijumaa pumzika. Jumamosi mbio ndefu, dakika 50 hadi 60. Jumapili baiskeli ndefu, saa moja na nusu hadi mbili, bila kushindana na mtu yeyote barabarani.

Mazoezi makali ni mawili tu, Jumanne na Alhamisi. Kosa la kawaida ni kuifanya Jumatano nayo kali kwa hoja kwamba "baiskeli haihesabiki". Moyo hauna daftari mbili. Kipimo cha wepesi ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima bila kuikata kwa kuhema.

Ukitumia saa ya mapigo ya moyo, usihamishe namba za mbio kwenda kwenye baiskeli. Kwa wengi mapigo ya baiskeli huwa chini kwa 5 hadi 10 kwa dakika katika juhudi ileile, kwa sababu kiti kimebeba uzito na misuli inayofanya kazi ni michache. Mtu anayeilazimisha baiskeli ifikie mapigo ya mbio huishia kufanya zoezi kali siku aliyoiita nyepesi.

Kushuka na kukimbia

Zoezi la Alhamisi lina ufundi wake. Dakika 5 za mwisho kwenye baiskeli shusha gia, zungusha zaidi ya 90, na simama juu ya pedali mara mbili tatu ili nyonga zinyooke. Viatu vya kukimbilia viwe vimeshalegezwa kamba vikikusubiri. Anza kukimbia ndani ya dakika 5 tangu ushuke. Ukikaa kusoma ujumbe, umepoteza lengo la zoezi.

Miguu itakuwa kama ya kuazima. Nyonga zimekaa zimekunjwa kwa muda, na paja lililozoea kuzungusha linaombwa ghafla libebe uzito. Fanya hatua fupi kuliko kawaida kwa dakika 2 za kwanza. Kuna na hadaa ya kasi: baada ya kilomita 30 kwa saa, mbio za kilomita 10 kwa saa huonekana kama umesimama, hivyo watu hufyatuka kama mshale na kukwama dakika ya nne. Tazama saa, usiamini macho. Dakika 10 hadi 15, mara moja kwa wiki, zinatosha, hata kwa anayejiandaa na duathloni fupi ya mbio kilomita 5, baiskeli 20 na mbio 2.5.

Chakula kiliwe juu ya baiskeli, ambako tumbo halirushwirushwi. Zoezi la chini ya saa moja linahitaji maji tu. Likizidi saa moja na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na cha mwisho kiingie dakika 15 hadi 20 kabla ya kushuka, la sivyo utakimbia ukishika ubavu. Kinywaji cha nyumbani: lita 1 ya maji, gramu 50 hadi 60 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji yaliyotoka.

Vigimbi na maumivu

Baiskeli haiandai vigimbi kwa kutua, kwa hiyo viandae mwenyewe. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, panda, kisha shuka polepole kwa sekunde 3 hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 12 hadi 15, raundi tatu, mara mbili kwa wiki. Raundi moja ifanye magoti yamepinda kidogo, ili msuli wa ndani wa kigimbi nao upate haki yake.

Maumivu ya hadi 3 kwa kipimo cha 10, yasiyobadilisha namna unavyokanyaga na yanayokwisha kufikia asubuhi, unaweza kuendelea nayo. Maumivu yaliyosambaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi yanakuambia umeongeza mbio haraka. Rudi hatua mbili na jaza pengo kwa baiskeli. Lakini ukigusa mfupa kwa ncha ya kidole ukapata sehemu moja inayouma hasa, au ukaamka usiku kwa maumivu, acha kukimbia siku hiyohiyo na umwone daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Kano ya kisigino inayokakamaa kila asubuhi nayo usiisubiri ipone yenyewe ukiwa unaendelea na mbio za kasi na vilima.

Wiki ikibanwa na shughuli, acha baiskeli nyepesi kwanza na linda mbio mbili. Siku uliyokosa usiifidie kwa kuisukumia siku inayofuata. Ukikaa bila kukimbia zaidi ya wiki mbili kwa ugonjwa au safari, baiskeli unaweza kuirudia karibu pale ulipoiachia, ila mbio anza na ratiba ya wiki ya 3 au ya 4, hata kama pumzi inakuambia uko tayari kwa saa nzima.