Upepo wa Kiangazi na Upepo wa Kipupwe: Namna ya Kutunza Matairi ya Gari-Nyumba Msimu Unapobadilika

Mtu anayenunua gari-nyumba, yaani gari la matembezi lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hachelewi kukutana na utani wa wenzake waliomtangulia. Baridi inapokaribia huambiwa, bila mtu hata kutabasamu, kwamba upepo wa kiangazi uliomo kwenye matairi yake haufai tena, kwa hiyo autoe wote, ajaze upepo wa kipupwe, na ule wa zamani auhifadhi vizuri kwa ajili ya mwaka ujao. Mimi naupenda sana utani huu, kwa sababu mgeni atakayeuamini na kuliendea gari lake akiwa na geji mkononi atakuwa amefanya jambo ambalo wenyeji wengi hulisahau kabisa. Hebu basi tuufuate utani wenyewe, tukichukua kila ushauri wake na kuuweka mahali panapostahili.

Upepo wenyewe hauna msimu. Ni hewa hii tunayoivuta, ambayo asilimia 78 yake ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni, na haiozi wala haichoki hata ikikaa ndani ya tairi miaka mitatu. Kinachobadilika ni nguvu yake ya kusukuma, kwa maana hewa iliyofungiwa husinyaa ikipoa na hutanuka ikipata joto. Madereva wa magari madogo wana kanuni yao kwamba tairi hupoteza takriban paundi moja (kipimo cha msukumo wa upepo kwa kila inchi ya mraba) kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoshuka, na kwa tairi la paundi 35 kanuni hiyo ni sahihi. Matairi ya gari-nyumba, hata hivyo, mara nyingi hujazwa zaidi ya hapo, na kadiri upepo ulivyo mwingi ndivyo upungufu unavyokuwa mkubwa: tairi lililojazwa paundi 80 katika joto la nyuzi 30 litasoma karibu paundi 71 asubuhi ambayo kipimajoto kinaonyesha sifuri, ingawa halina pancha wala valvu yake haivuji. Anayejaza naitrojeni tupu akitumaini kuikwepa hali hiyo ajue kwamba nayo husinyaa kwa kiwango kilekile.

Kwa hiyo, badala ya kuutoa upepo wa kiangazi, upime na uuongeze. Pima asubuhi kabla gari halijaondoka, au baada ya kusimama kwa muda usiopungua saa tatu, na matairi yote yapimwe kabla jua halijaanza kuupiga upande mmoja wa gari. Kiwango cha kufuata kimeandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji wa gari, ambacho kwa kawaida hukaa karibu na mlango wa dereva au ndani ya kabati. Ile namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi inahusu mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kuubeba. Njia bora zaidi ni kulipeleka gari kwenye mizani likiwa limejaa maji, mafuta, vyombo na abiria wake, kisha kulinganisha uzito wa kila ekseli na jedwali la mtengenezaji wa matairi, kwa kuwa gari-nyumba hubeba mizigo ya nyumba nzima na mara nyingi upande wenye jiko na tangi la maji huwa mzito kuliko ule mwingine. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni la kupunguza upepo wa tairi lenye moto katikati ya safari kwa sababu geji imepanda. Kupanda huko ni kwa kawaida, na tairi lililopunguzwa upepo likiwa na moto litakuwa na upungufu likipoa, kisha litajikunja kupita kiasi na kupata moto mwingi zaidi.

Magari yenye matairi mawili mawili kwa nyuma yanahitaji subira ya pekee. Tairi la ndani halionekani vizuri, valvu yake ni ya kutafutwa kwa vidole, na jirani yake wa nje huweza kubeba mzigo wote bila gari kuinama. Lipime kwa geji. Kulipiga teke hakuthibitishi chochote.

Utani wa pili husemwa gari linapoegeshwa kwa miezi kadhaa: kwamba tairi limeisha upepo upande wa chini tu, basi lizungushwe nusu ili pale palipo bapa paende juu. Huu nao una ukweli ndani yake. Tairi likibeba mzigo mahali pamoja kwa muda mrefu hufanya ubapa, na kulisogeza gari kidogo kila baada ya majuma machache ni tiba halisi. Kusogea huko peke yake hakutoshi, kwa kuwa mpira wa tairi huchanganywa na nta inayoukinga dhidi ya ozoni, gesi iliyomo hewani inayoula mpira, na nta hiyo hupanda juu pale tairi linapojipinda likitembea. Gari lililosimama hukosa kinga hiyo, ndiyo maana matairi ya magari ya matembezi hupasuka nyufa ubavuni yangali mbali na kuwa vipara. Yaoshe kwa maji na sabuni laini, usiyapake dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli, na uyafunike jua lisiyapige. Ukiweka mbao chini yake, kila ubao uwe mpana kuliko sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na yale ya nyuma yaliyo mawili mawili yakanyage ubao yote, la sivyo moja litabeba mzigo wa mwenzake.

Kitu chenye msimu kweli ni mpira. Matairi ya kiangazi huanza kuwa magumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na anayesafiri kwenye theluji anahitaji matairi yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Kabla ya kuyafunga, soma umri wake. Tarakimu nne za mwisho za namba iliyo ubavuni mwa tairi inayoanzia na herufi DOT (kifupi cha Idara ya Uchukuzi ya Marekani) huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3621 ni wiki ya 36 ya mwaka 2021. Usipoiona nje, chungulia ubavu wa ndani. Tairi likishatimiza miaka mitano, mwonyeshe fundi kila mwaka, na likifika kumi libadilishwe hata kama linang'aa.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa kukingama, yaani kutoka nati moja kwenda ile inayoikabili, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 160, kwa sababu rimu iliyofungwa upya hujikalisha taratibu na nati zilizokuwa imara karakana zinaweza kulegea barabarani.