Uchumi wa eneo lenu umelala? Hivi ndo utajua waajiri wanataka ujuzi gani

Kuna kosa karibu kila anayetafuta kazi kwenye eneo lenye uchumi mbovu analifanya, na mimi nililifanya pia: unakaa unajiuliza "nisome kozi gani yenye soko" afu unaenda kusoma kitu ambacho soko lake liko sehemu nyingine kabisa. Swali sio kozi gani. Swali ni kwamba hapa ulipo nani bado anamlipa mtu mshahara, na ni kitu gani kinampotezea hela huyo mwajiri kila wiki. Ukijua hicho kinachompotezea hela ushajua cha kujifunza.

Uchumi ukilala, waajiri wanaobaki wengi ni wadogo, wafanyakazi watatu, watano, kumi. Kampuni kubwa inaweza kuajiri mtu wa stoo, mtu wa mahesabu na mtu wa kupokea wateja, kila mmoja na meza yake. Huyu mdogo hana ubavu huo, anataka mtu mmoja ashike mawili matatu. Na anaogopa sana kuajiri vibaya, maana kwenye timu ya watu wanne mtu mmoja wa hovyo ni robo nzima ya timu.

Anza kwa kuzunguka na daftari

Siku mbili zinatosha. Kila sehemu unayopita yenye mtu anayelipwa, usiandike jina la biashara, andika kazi inayofanyika pale: anapokea mzigo, anapanga foleni ya wagonjwa, anabadilisha tairi, anajaza fomu. Utaona kuna vitu havifi hata hali iwe mbaya vipi, afya, shule, chakula, usafiri, maji, umeme, ulinzi, na hasa matengenezo, kwa sababu watu wakiishiwa hela hawanunui kipya, wanarudisha cha zamani kwa fundi. Taasisi za umma nazo usizisahau, mara nyingi ndo mwajiri mkubwa kuliko wote eneo la namna hiyo.

Afu kusanya matangazo ya kazi kama 30 ya maeneo ya karibu, hata ya zamani kidogo poa tu. Usisome vyeo, vyeo vinadanganya. Soma vitenzi. Piga mstari kwenye kila kitenzi na uhesabu kinajirudia mara ngapi. Mimi nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nilishangaa leseni ya udereva ilikuwa inatokea kwenye kazi ambazo hazihusiani kabisa na udereva, yaani wanamtaka mtu wa stoo ambaye siku dereva akiumwa anaweza kupeleka mzigo. Na ile "uzoefu miaka mitatu" isikutoe mbio, wengi wanamaanisha tu "sina muda wa kukufundisha kila kitu kuanzia a mpaka z".

Baada ya hapo nenda kaongee na waajiri wawili watatu, sio kuomba kazi, kuuliza tu. Swali ambalo limenisaidia kuliko yote ni hili: mtu wa mwisho uliyemuachisha, alikushinda wapi? Hapo bosi anafunguka mwenyewe. Utategemea kusikia hajui kompyuta, hajui lugha, ila mara nyingi utaambiwa alikuwa haandiki vitu, akiharibu anaficha, anapotea bila taarifa.

Rekodi, ujuzi ambao haukosi mteja

Kama una uwezo wa kujifunza kitu kimoja tu mwezi huu, jifunze kutunza rekodi za mzigo. Haihitaji digrii. Asubuhi una boksi 48, mchana zimeingia 24, mpaka jioni umeuza 39, kwa hiyo zinatakiwa zibaki 33. Unaenda unahesabu kwa mkono unakuta 29. Zimepotea nne. Mfanyakazi wa kawaida anaandika 29 anafunga stoo anaenda zake, kesho anaanzia 29 na hasara imeshazikwa. Wewe andika zote mbili, 33 na 29, afu uzitafute hizo nne usiku huohuo wakati watu bado wanakumbuka: kuna iliyopasuka? kuna aliyechukua kwa mkopo haikuandikwa? ule mzigo wa mchana ulihesabiwa kweli au mlisaini tu risiti ya dereva? Mimi zangu nyingi zilikuwa zinapotelea hapo kwenye kusaini bila kuhesabu.

Ukishaweza kwa karatasi hamia kwenye Excel, ile programu ya kutengeneza majedwali na hesabu, na wala usijaze kichwa na fomula mia, kujumlisha, kutoa, kuchuja na kupanga kwa tarehe zinatosha kuanzia. Simu janja inatosha kufanyia mazoezi. Tengeneza jedwali la mwezi mzima la kitu chochote, hata matumizi ya nyumbani kwenu, lihifadhi, tutalirudia.

Kutengeneza, na kujua usichokijua

Fundi anayetafutwa sio lazima awe anayejua kila kitu, ni yule anayetafuta tatizo kwa mpangilio badala ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, maana kila kipuri kinachobahatishwa ni hela ya bosi. Mfano mota ya umeme wa fezi moja imewashwa, inanguruma ila haizunguki. Mbahatishaji anasema imeungua, nunua nyingine. Anayejua anazima umeme kwanza, anahakikisha umezimika kweli, anazungusha shafti kwa mkono aone kama imekwama au beringi imekufa, ikizunguka vizuri anashuku kapasita, kile kifaa kidogo kinachotunza chaji na kuisaidia mota ianze kuzunguka, na anaipima, na anajua kapasita inaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa kwa hiyo haigusi kizembe. Kapasita ni bei ndogo sana ukilinganisha na mota. Ila usijifunze umeme kwa video peke yake tafadhali, tafuta fundi akusimamie, video haikwambii acha kabla hujagusa.

Kutoa taarifa

Hii haina kozi na ndo inawaacha wengi. Linganisha meseji mbili. Ya kwanza: "Bosi kuna shida huku." Ya pili: "Bosi gari limezima saa mbili, fundi kashaangalia anasema ni mkanda, ataufunga saa sita, wateja wawili watachelewa mpaka saa nane, nimewapigia mmoja kakubali mwingine anataka kuongea na wewe." Hiyo ya pili ina kilichotokea, kimefanyika nini, nini kitachelewa, na bosi anatakiwa afanye nini. Basi. Fanya mazoezi ya kuandika hivyo kwenye maisha ya kawaida tu, utazoea.

Kabla hujalipia kozi

Hapa twende polepole. Maeneo yaliyopoteza kiwanda kikubwa huwa yanajaa kozi. Tarehe 19 Septemba 1977 huko Youngstown, Ohio, Marekani, ilitangazwa kufungwa kwa sehemu kubwa ya kiwanda cha chuma cha Campbell Works na watu kama 5,000 wakapoteza kazi. Sasa vuta picha watu wengi hivyo wanaingia sokoni kwa mpigo mmoja na wote wana ujuzi unaofanana. Ukiwapa wote kozi moja ya wiki sita unatengeneza foleni nyingine tu, mlango tofauti.

Kwa hiyo uliza chuo: waliomaliza mwaka jana wako wapi, naweza kuongea na wawili? Wakianza kuzunguka, ondoka. Uliza pia muda gani utakuwa kazini kweli. Ujerumani wana mfumo ambao kijana ana mkataba na mwajiri, siku 3 au 4 za wiki yuko kazini analipwa na 1 au 2 yuko shuleni, unachukua miaka 2 mpaka 3 na nusu kutegemea fani, na una sheria yake tangu 1969. Kwenu pengine haupo, ila kipimo kinabaki kilekile, kozi ambayo hutagusa kazi mpaka siku ya cheti ni ya kuogopa.

Kuonyesha, na kujilinda

Sasa lile jedwali lako. Usiende na sivii ya kurasa nne imejaa "mchapakazi, naweza kufanya kazi chini ya presha". Nenda na ukurasa mmoja, jedwali lako, na picha za ulichotengeneza kabla na baada. Mwambie bosi nipe kazi ndogo nifanye uone. Ila jaribio liwe na mipaka, mkubaliane kabla ni siku ngapi, nafanya nini, nalipwa nini, hata kama ni kidogo, na iandikwe hata kwa meseji ya WhatsApp. Eneo lenye njaa ya kazi lina mabosi wanaoishi kwa majaribio, mwezi huu wewe, mwezi ujao mwenzio, hakuna anayeajiriwa. Ulizia jirani hapo nje waliokuja kabla yako waliishia wapi. Na yeyote anayekudai hela ya fomu, ya sare au ya "kukuunganisha" ili upate kazi, hiyo namba iblock tu, mwajiri wa kweli anatafuta mtu wa kumpunguzia hasara, hatafuti mtaji kwako.