Redio ya hali ya hewa: ingiza msimbo wa kaunti yako
Kwa mlioko Marekani, hasa kwenye majimbo ya tornado (kimbunga chenye umbo la faneli) kama Oklahoma na Kansas: redio ya hali ya hewa ya NOAA (idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa), inayolia tahadhari inapotolewa, usiiache kama ilivyotoka dukani. Ingiza msimbo wa SAME wa kaunti yako (namba inayoifanya redio ilie kwa tahadhari za kaunti hiyo tu), tarakimu 6, kisha chagua masafa yanayosikika vizuri kati ya yale 7 (162.400 hadi 162.550 MHz). Bila msimbo italia kwa tahadhari za kaunti zote za jirani mpaka uchoke uizime, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwekwa sawa hukaa kimya, halafu tahadhari ya kaunti yako ikitolewa hukuamsha usiku wa manane hata mtandao wa simu ukiwa umekatika. Tia na betri. Ukiwa mbali na mnara, au redio ikiwa chini ya ardhi, mawimbi hufifia, isogeze dirishani.