Wenye mawazo mapya wasikimbie mijadala ya jumuiya

Kama kwenye jumuiya yenu Wakatoliki wenye mawazo ya kimageuzi wanakaa kimya tu au wameacha kuja, jaribuni staili ya Sinodi (mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki) ya Roma ya Oktoba 2023, walikaa meza za duara, kila mtu anaongea dakika chache hakuna kumkatiza, mnanyamaza mnasali kidogo, raundi ya pili unasema kilichokugusa kwa mwenzako, siyo kumjibu. Mtu akiuliza mbona wanawake hawapewi ushemasi (daraja la chini ya upadre) asiambiwe "si uende kwa walokole"! Muulizeni anawaza nini. Na mwenyekiti awe anajua mambo jamani, Papa Fransisko mwaka 2021 aliwafungulia wanawake rasmi huduma ya usomaji na utumishi wa altare, kwa hiyo siyo kila swali ni uasi. Wahafidhina nao msiwazomee, waongee zamu yao.