Namna ya Kumsimamia Mgonjwa Anayetibiwa Kifua Kikuu na VVU kwa Wakati Mmoja

Mtu anayeishi na VVU akigundulika kuwa na kifua kikuu, mara nyingi hurudi nyumbani na mifuko miwili ya dawa, kadi mbili na tarehe mbili za kliniki, na kazi ya kuoanisha vyote hivyo humbakia yeye au ndugu aliyekubali kuwa msimamizi wake. Mwongozo huu ni wa msimamizi huyo. Nimeuandika kwa kufuata utaratibu wa Tanzania, ambako dawa za magonjwa yote mawili hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na kwa kukumbuka miezi 6 niliyomsimamia mdogo wangu wa kiume.

Kabla ya dawa: jibu la vipimo

Vimelea vya kifua kikuu vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kwa asiye na VVU, uwezekano wa vimelea hivyo kuamka na kuleta ugonjwa ni kama asilimia 5 hadi 10 katika maisha yake yote, ilhali kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa za kufubaza virusi unaweza kukaribia asilimia 10 kwa kila mwaka. Ndiyo maana kila anapohudhuria CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, huulizwa maswali yaleyale manne: je, anakohoa, ana homa, amepungua uzito, anatokwa na jasho jingi usiku? Kwa watu wengine kikohozi husubiriwa kifike wiki 2 ndipo kitiliwe shaka. Kwake yeye hata kikohozi cha jana kinahesabika, na msimamizi asimruhusu ajibu "hapana" kwa mazoea ili awahi kuondoka.

Akipewa kopo la makohozi, mkumbushe kwamba mate hayafai. Asubuhi, kabla hajala, asukutue kinywa kwa maji matupu, atoke nje penye hewa mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kutoka kifuani mpaka kitoke kitu kizito. Mashine ya GeneXpert huchukua takriban saa 2 kutambua vimelea, na papo hapo huonyesha kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba hii.

Jibu likija kwamba vimelea havikuonekana, shauri halijaisha. Yale matundu ya mapafuni yanayojaza makohozi vimelea hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga ya mwili yenyewe, kwa hiyo mtu ambaye kinga yake imeshuka sana huenda asipate matundu hayo: makohozi yake yakawa na vimelea vichache mno, na picha ya eksirei ikaonekana safi, huku ugonjwa umo. Tena kwake ni rahisi zaidi kifua kikuu kukaa nje ya mapafu, kwenye tezi, uti wa mgongo, utando wa ubongo au tumboni. Mdogo wangu alikuwa na uvimbe shingoni ambao kwa wiki kadhaa sote nyumbani tuliuita matezi, tukaukanda kwa maji ya moto. Mgonjwa akiwa amedhoofu sana au CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, zikiwa chini, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, ambacho kimebuniwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Saa za dawa

Tiba ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na miezi 4 inayofuata hubaki na rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito, kwa hiyo apimwe kila anapohudhuria. Aliyeanza akiwa amekonda akinenepa anaweza kuhitaji kuongezewa, na muuguzi mwenye foleni ndefu anaweza kupitiwa.

Kama alikuwa hajaanza dawa za kufubaza VVU, dawa za kifua kikuu hutangulia, na zile za VVU huanzishwa ndani ya wiki 2 mwili ukishazizoea za kwanza. Penye kifua kikuu cha utando wa ubongo hali ni tofauti: hapo daktari huchelewesha dawa za VVU kwa wiki 4 hadi 8 kwa makusudi, na familia isidhani mgonjwa amesahauliwa. Aliyekuwa tayari anatumia dawa za VVU haachi hata siku moja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nimeona likiharibika mara nyingi kuliko mengine. Wagonjwa wengi wa VVU siku hizi hutumia TLD, kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Rifampisini hulichochea ini livunjevunje dolutegraviri upesi kuliko kawaida, hata kidonge kile kimoja kisitoshe kuwazuia virusi kwa saa 24. Dawa yake ni kuongeza kidonge kingine cha dolutegraviri pekee, cha miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Akimeza TLD saa 2 asubuhi, hiki cha pili anakimeza saa 2 usiku. Kwa hiyo, kabla hamjatoka dirisha la dawa, fungua mfuko uangalie: je, dolutegraviri ya usiku imo? Kama haimo, rudini ndani mkaulize. Mahali ambapo kliniki ya kifua kikuu na CTC ziko majengo mawili tofauti, kila upande unaweza kudhani upande wa pili ndio uliotoa, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu mwezi wa kwanza.

Mkifika nyumbani, chukueni kalamu ya wino mzito mwandike ASUBUHI kwenye kopo la TLD na USIKU kwenye hili la pili, kisha mtege kengele mbili kwenye simu. Kopo la usiku likae karibu na kitanda au mswaki, mahali mkono utakapopita wenyewe. Akisahau, ameze anapokumbuka, lakini asimeze dozi mbili kwa mpigo.

Dolutegraviri haipatani na vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, wala dawa za kutuliza kiungulia. Mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kliniki ya wajawazito awaeleze wahudumu, apangiwe saa. Kwa kawaida dolutegraviri humezwa saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake.

Mgonjwa huyu hupewa pia kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini, kumkinga na magonjwa nyemelezi mengine, pamoja na vitamini B6 kuzuia ganzi na hisia ya kuchomwa miguuni inayoletwa na isoniazidi. Wingi wa vidonge huchosha. Mruhusu alalamike, na wewe uendelee kumpa maji ya kumezea.

Wiki za mwanzo

Siku ya pili au ya tatu mkojo utakuwa na rangi ya soda ya machungwa. Mwambie mapema. Mdogo wangu hakuambiwa. Alidhani figo zinatoka damu, akatupa dozi ya siku mbili chooni bila kutueleza, na nilijua tu kwa sababu nilikuwa navihesabu vidonge kila Jumapili. Rangi hiyo hutokana na rifampisini, inaweza kuonekana hata kwenye machozi na jasho, na haina madhara.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Macho yakiwa ya manjano, akitapika mfululizo au akiumwa tumbo upande wa kulia juu, ini linaweza kuwa limeathirika, na anatakiwa aonwe siku hiyohiyo kabla ya kumeza dozi inayofuata. Akianza kuona ukungu au kuchanganya nyekundu na kijani, inawezekana ni ethambutoli inayogusa mishipa ya macho. Pombe aiweke kando miezi yote 6.

Halafu lipo jambo linalowavunja moyo hata waliojiandaa. Mgonjwa anaanza kupata nafuu, anaanzishiwa dawa za VVU, na baada ya wiki chache homa inarudi, tezi zinavimba upya, kikohozi kinazidi. Majirani watasema dawa zimemkataa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kinga iliyokuwa imelala imeamka na sasa inavishambulia vimelea kwa nguvu, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta homa na uvimbe. Hali hii hutokea zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, bali mpeleke kliniki, kwa kuwa daktari pekee ndiye anayeweza kutofautisha hali hiyo na usugu wa dawa au ugonjwa mwingine, na zipo dawa za kutuliza uvimbe. Akiumwa kichwa sana, shingo ikakakamaa au akaanza kuchanganyikiwa, nendeni hospitali usiku huohuo.

Watu wa nyumbani

Vyombo vya kulia havihitaji kutengwa, kwa kuwa kifua kikuu huenda kwa hewa. Fungueni madirisha, afunike mdomo anapokohoa, na kama ugonjwa uko mapafuni alale chumba chake katika wiki 2 za mwanzo, muda ambao kwa kawaida dawa zinazofanya kazi hupunguza sana uambukizaji. Wote mnaoishi naye mkachunguzwe. Watoto wa chini ya miaka 5 na yeyote mwenye VVU, wakionekana hawana ugonjwa, hupewa dawa za kuuzuia. Mwenzi wake apime VVU. Mwanamke anayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango ajue kwamba rifampisini hupunguza nguvu yake. Sindano ya miezi mitatu na kondomu ndizo za kutegemewa kwa wakati huu.

Kwa mwenye ugonjwa wa mapafu, makohozi hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, hata kama hakohoi tena. Siku atakayomeza kidonge cha mwisho cha kifua kikuu, dolutegraviri ya usiku haikomi hapo: ini huchukua muda kutulia, kwa hiyo ataendelea nayo wiki 2 zaidi. Hesabuni siku 14 kwenye kalenda, mhakikishe vidonge vya kutosha vimo koponi, na baada ya hapo mzime kengele ya saa 2 usiku. Ya saa 2 asubuhi iacheni.