Somo: Kumlinda mtoto anayetambaa kwenye nyumba ya kupanga

Ndugu wazazi na walezi, ushauri mwingi wa usalama hudhani kila mtu ana jiko lenye mlango. Somo hili ni la sisi tunaoishi chumba na sebule, tunapikia koridoni, na choo ni cha wapangaji wote.

Hatua ya 1: Piga magoti. Zunguka chumba kwa kimo cha mtoto. Utaona waya wa pasi unaoning'inia, kitambaa cha meza kinachoweza kuvutwa na chupa ya chai juu yake, vidonge vya bibi chini ya mto. Betri ndogo za duara ziogope sana: ikikwama kooni, huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba ameimeza, kimbia hospitali.

Hatua ya 2: Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya maji wala ya soda. Hapa nawasihi. Mtoto ana kiu, anaona chupa ileile anayonyweshwa kila siku, atajuaje? Dawa ya choo na sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani nazo ni hivyo hivyo. Tafuta kidumu kimoja chenye kifuniko kigumu, ukiweke juu asikofika hata akipanda kiti.

Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, hata jirani akishikilia. Hatari kubwa iko kwenye mapafu, na akitapika mafuta yanapata njia ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mpeleke hata kama anacheza, maana kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Hatua ya 3: Jiko la mkaa. Liweke konani, si njiani. Ukiepua maharage, sufuria isikae sakafuni watu wanapopita. Usikaange chochote ukiwa na mtoto mgongoni. Ongeeni wapangaji wote, mkubaliane kwamba wakati wa kupika watoto hawachezi koridoni. Jiko la jirani linaunguza kama lako. Na jiko lisiingizwe ndani usiku, hata kwa baridi: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua watu usingizini.

Hatua ya 4: Ndoo na mabeseni. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5. Mwaga au funika.

Maswali ya wanachama

*Mtoto akiungua na uji, nimpake dawa ya meno au yai?*
Hapana, mama. Wala barafu. Mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Bomba likiwa halitoi, mimina kwa kata kidogo kidogo. Vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, kisha funika kwa kitambaa safi. Ameungua uso, viganja, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake? Hospitali.

*Mwanangu wa miezi 10 alikabwa na karanga. Nifanyeje ikitokea tena?*
Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia wala kupumua, mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, umpige mara 5 kati ya mabega. Isipotoka, mgeuze, umkandamize katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia, huku mtu akitafuta usafiri. Usichokoe kooni kwa kidole. Na karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5.

*Mimi ni dada wa kazi, nipo peke yangu na watoto watatu. Nikienda kuteka maji je?*
Mdogo wangu, zima jiko kwanza. Anayetambaa nenda naye, au mwache kwa mtu mzima uliyemwambia kwa mdomo naye akakubali. Usimwachie dada yake wa miaka 6. Na mwambie bosi wako wazi: maji yatekwe kabla hajatoka asubuhi.